Mwanamke Kati ya India na Kilo

Ruiru, Jumatano 29 Februari 1956

Tarehe ya leo huja mara moja kwa miaka minne, kwa hiyo nimeona inafaa kuzindua daftari. Mume wangu Jared amelileta kutoka Thika: jalada la bluu, kurasa tisini na sita. "Wewe umesoma hadi Form Two," akaniambia, "usiuache mkono wako ulale." Wanaume wengine wa hapa Ruiru huwaletea wake zao sufuria. Wangu ameniletea kurasa!

Leo tuna wiki sita na siku nne katika ndoa. Bado naamka mapema ili nimtazame tu anavyolala, mdomo wazi kidogo kama mtoto anayengoja kijiko. Bado mtu akiniita bibi ya Wamalwa, kwa jina la ukoo wa Jared, nageuka kutafuta mama fulani mtu mzima nyuma yangu.

Kazi yake ndiyo iliyonimaliza. Jared wangu huongea na ndege. Ng'ambo ya reli kuna kiwanja cha klabu ya Wazungu wenye vindege vidogo vya kuwapeleka mashambani, na Jared ni mtu wa hapo. Alipokuja kwetu Kimilili kuposa, baba yangu, Mzee Jeconia, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu wa ng'ombe, alimuuliza kazi yake mbele ya watu wote. Jared akajibu taratibu: "Mzee, ndege haitui mpaka mimi nikubali." Baba akaagiza chai iongezwe sukari.

Jambo moja tu. Nimemwomba mara tatu anipeleke nikaone, na mara tatu amesema wanawake hawaruhusiwi, eti ni sheria za Hali ya Hatari. Lakini kila Jumapili naona memsabu wakielekea huko na vikapu vya chakula. Nimeandika tu. Sina neno.

Alhamisi 1 Machi

Alhamisi Jared hutoka kazini saa sita mchana, kisha huenda Thika kwa baiskeli. "Mambo ya kazi," anasema. Leo amerudi akinukia sabuni ambayo si yetu.

Jumanne 6 Machi

Nikitafuta nguo za kufua, nimekuta ndani ya mfuko wa baiskeli yake kitambaa cha rangi ya machungwa, kirefu kuliko mimi, kimeshonwa kama bomba, kipana huku na chembamba kule. Nikakipima mwilini. Mimi siwezi kuingia humo. Mwanamke mwembamba wa mjini, sijui.

Aliporudi nikamuuliza ni nini.

"Soksi," akasema.

"Ya nani?"

"Ya upepo."

"Jared. Upepo una mguu?"

Alicheka hadi akashika ukuta. Akaeleza kwamba hutundikwa juu ya mlingoti ili rubani ajue upepo unavuma kutoka wapi, na kwamba imepasuka, na kwamba hakuna mikono angependa iishone kuliko yangu. Aliposema hivyo, nani angekataa? Nimeishona kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo kama tulivyofundishwa shuleni, na mwisho wa mshono nimetarizi herufi N ya jina langu, Nelima. Kama ni soksi, upepo utajua imeshonwa na nani. Kama ni gauni, mwenye gauni pia atajua.

Jumatano 7 Machi

Ngendo wa mlango wa pili anasema tangu azaliwe hajasikia upepo ukivaa soksi.

Ijumaa 9 Machi

Katika mfuko wa shati lake nimekuta kipande cha karatasi ya kufungia sukari, na kwa mwandiko wake mzuri, ule ule wa barua alizokuwa akiniandikia:

KING LOVE NAN

Na chini yake: SUGAR. QUEEN. Amerudia mara nne, kama mtu anayetaka kuzoea.

Shuleni tulifundishwa kuandika barua za Kiingereza, na huisha hivyo hivyo: Love, halafu jina la anayeandika. Kwa hiyo kuna mtu anaitwa Nan. Nan anampenda mume wangu na anamwita King. Naye mume wangu anafanya mazoezi ya kumjibu: Sugar. Queen. Mimi aliwahi kuniita "kipenzi" mara mbili tu, na mara moja alikuwa na homa.

Nilimpelekea Ngendo. Ngendo hasomi Kiingereza, lakini anasoma watu. Mume wake, Muigai, alichukuliwa na serikali mwaka juzi akapelekwa kambi ya kizuizini, na tangu hapo anaishi na mama yake na kuuza mboga sokoni kwa pasi, kibali cha kutembea ambacho lazima akionyeshe hata kwa wanaomjua.

"Nan," akasema. "Haiya! Nerima, hilo si jina la Mkikuyu." L yangu kwa ulimi wa Ngendo ni R.

"Si la Mbukusu pia."

"Basi ni Mzungu."

Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka. Ngendo akaikunja karatasi ikawa ndogo kama punje, akanirudishia.

"Hii usimwonyeshe mtu mwingine. Maneno yasiyoeleweka ndiyo yanapeleka watu kambini siku hizi. Muigai alikutwa na orodha ya wachezaji wa mpira. Wakamuuliza, huyu golikipa ni jenerali gani wa msituni?"

Jumapili 11 Machi

Kanisani Jared alinishika mkono chini ya kitabu cha nyimbo. Mkono una joto vile, na unaandika Sugar!

Alhamisi 15 Machi

Mvua imeanza, kubwa, na udongo mwekundu umeingia mpaka kitandani. Jared ameenda Thika hata hivyo. Sabuni ile ile.

Jumanne 20 Machi

Leo Jared amenifanya nicheke mpaka nikasahau kwamba nimemkasirikia. Anasema ndege ya mwenye shamba mmoja imezama matopeni hadi tumboni. Wazungu wanne wameisukuma, ikazama zaidi. Mwishowe wakaazima maksai wa jirani, wakaifunga kamba, na ndege ikatoka ikivutwa na ng'ombe, rubani amekaa ndani na miwani yake. Na memsabu mmoja mnene amekataa kupimwa kwenye mizani ya kahawa kabla ya kupanda. Akasema aandikwe uzito wa mwaka wa harusi yake. Rubani akaongeza magunia mawili kimoyomoyo.

Nilipokwisha kucheka nikawaza. Jared amenitajia majina ya maksai wote: Karanga, Mweupe, Sigara, na Koti. Jina la rubani hakulijua. Mtu anayeongea na ndege kutwa nzima hajui jina la rubani?

Ijumaa 23 Machi

Amenyoa ndevu mbele ya kioo leo asubuhi akinong'ona. Niliposogea na maji ya moto nikasikia wazi: "Juliet." Akatabasamu na povu usoni. "Juliet, Juliet."

Kwa hiyo Nan ameachwa. Mungu anisamehe, nilimhurumia.

Jumatatu 26 Machi

Barua kutoka kwa Baba. Mvua zikipungua, mwisho wa Mei, atakuja "nione kwa macho yangu ndege ikimtii mkwe wangu". Nilimsomea Jared kwa sauti. Uso wake ulikauka kama chokaa. Alisema ni baridi.

Jumapili 1 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka. Mimi bado.

Alhamisi 12 Aprili

Niandike pole pole, maana leo yametokea mengi.

Asubuhi Jared alipokwisha kuondoka niliinua godoro na kukuta karatasi mpya. Si kipande safari hii, ni ukurasa, umechanika juu na chini. Nimeusoma mara nyingi hivi kwamba siuhitaji tena:

JULIET KILO LIMA MIKE NOVEMBER OSCAR PAPA

Nilikaa chini. Kiingereza nimesoma na Kiswahili nimezaliwa nikikisikia, na hapa amechanganya vyote ili nisielewe. Lakini nilielewa. Juliet ni yeye. Kilo ni kilo za mbegu. Lima ni lima: amempa shamba na anamwambia alime. Mimi, niliyezaliwa msimu wa kulima nikaitwa Nelima kwa sababu hiyo, sijapewa hata mgunda, shamba dogo tu la sukuma wiki, na Juliet analima! Mike ni mtoto. Novemba ndio mwezi atakaozaliwa. Oscar nadhani ni yule atakayefuata. Na Papa, kwetu papa ni baba. Mume wangu ni baba wa Mike.

Nilikuwa bado nimeishika nilipowasikia. Homugadi, mgambo wa serikali, na askari wawili, nyumba kwa nyumba, wakiwatafuta Wakikuyu wenzake Ngendo na pasi zao. Nilisikia kikapu cha mboga cha Ngendo kikimwagwa, na sauti yake ikisema, "Hiyo ni kabichi, afande. Ifungue, ni kabichi mpaka ndani."

Kisha mlango wetu.

Nilitazama karatasi. Maneno yasiyoeleweka, mwandiko wa mume wangu. Ningeweza kuiacha mezani. Naliandika hilo kwa sababu daftari ni langu na sitaki kulidanganya: kwa muda wa pumzi moja niliwaza kuiacha mezani.

Nikaila. Nilimtafuna Juliet, nikamtafuna Mike na Novemba na mashamba yote, nikameza kwa chai baridi. Askari akaniuliza mbona nalia. Nikasema pilipili.

Ijumaa 13 Aprili

"Nelima, umeona karatasi yangu?"

"Karatasi gani?"

"Ya kazi."

"Siioni mahali popote." Na ni kweli, haionekani.

Alishika kichwa. "Basi nitaanza tena mwanzo." Na Juliet mwingine, nadhani.

Jumatano 18 Aprili

Juliet hakubali kukaa tumboni. Nimetapika siku ya nne mfululizo. Hata harufu ya mafuta ya taa siitaki. Ngendo alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Kumbe karatasi ni kali hivyo," akaingia kwake akicheka peke yake.

Alhamisi 26 Aprili

Sasa ushahidi nimeula, ilibaki kuona kwa macho. Leo nimemfuata.

Nilipanda treni ya mchana hadi Thika, nimejifunga kitambaa cha Ngendo ili nisijulikane. Yeye hakuweza kunisindikiza. Pasi yake inaishia soko la Ruiru. "Ukimkamata," akaniambia, "mpige makofi mawili. Moja lako na moja langu."

"Lako la nini?"

"La kuwa na mume ambaye siwezi hata kumfuata."

Nilijibanza kwenye kibaraza cha duka la mahindi hadi nikaona baiskeli. Jared alishuka, akaisukuma matopeni nyuma ya maduka ya Wahindi, akaingia katika chumba cha bati. Harufu ya sabuni ilinifikia kabla sijafika mlangoni. Ndiyo ile ile. Kisha sauti ya mume wangu, laini:

"India... Juliet... Kilo..."

Na sauti nyingine, nzito, ikafoka: "Tena! Usimbembeleze! Mwite Juliet kama mwanamume!"

Miguu ilinibeba yenyewe. Nikausukuma mlango.

"Juliet yuko wapi?"

Ndani kulikuwa na mashati meupe yakining'inia kila upande. Katikati alisimama mtu wa makamo, pasi ya makaa mkononi, na Jared amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo wima kama mtoto wa darasani. Nilitazama nyuma ya mashati. Hapakuwa na mtu.

"Mama," akasema yule mwenye pasi, "Juliet gani?"

"Huyo mnayemwita!"

Akaweka pasi juu ya kibati, akabandua karatasi ukutani, akaweka kidole juu yake. "Huyu hapa. Anakaa kati ya India na Kilo."

Anaitwa Muasya. Ni dobi, lakini katika vita vya Burma alikuwa askari wa redio. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayekunja shati la hariri. Redioni kuna kelele, herufi zinafanana, kwa hiyo kila herufi ina jina lake ili rubani asikosee. Jeshini walisema King, Love, Mike, Nan, Queen, Sugar.

"Nilikuwa nimemfikisha huyu bwana yako mpaka Zebra, herufi ya mwisho," akalalamika, "ndipo wakubwa wa ndege wa dunia nzima wakageuza majina. Mwezi wa tatu tu hapo! Nan ametoka, ameingia November. Jig ametoka, ameingia Juliet. Love imeondolewa, mama. Sasa ni Lima."

Nikasoma ile karatasi kutoka juu, herufi ya kwanza ya kila neno. A, B, C, D. Darasa la kwanza! Miaka kumi ya shule, na wivu umenifanya nisione A, B, C. Nilicheka hadi nikaketi juu ya nguo za watu. Nikawaambia kwamba nimemla Juliet, na Muasya, aliyekuwa ameishika pasi tena, akacheka hadi kola ikaungua. Nilimpenda Jared wakati huo kuliko siku ya harusi.

Ningeishia hapo. Lakini nikishaanza kuuliza siwezi kuacha.

"Jared," nikasema, "mwaka mzima unaongea na ndege. Mbona majina unajifunza leo?"

Muasya akageukia kola iliyoungua, akaanza kuichunguza kwa makini sana.

"Nafukuza ng'ombe," Jared akasema.

"Unafukuza nini?"

"Ng'ombe. Nakata nyasi, natundika soksi. Ndege ikikaribia napiga debe ng'ombe watoke uwanjani, kisha nainua bendera nyeupe kwamba uwanja uko wazi. Redio ni ya Bwana Masikio." Hilo ndilo jina wanalomwita Mzungu wa klabu, kwa sababu ya vile vya kusikilizia anavyovaa kichwani. "Anatafuta msaidizi. Mtihani ni mwezi wa tano. Nilitaka Baba akija akute imekuwa kweli."

Nilirudi na treni. Yeye alirudi na baiskeli.

Ijumaa 27 Aprili

Sijamsemesha.

Jumamosi 28 Aprili

Sijamsemesha. Nimempikia.

Jumapili 29 Aprili

Ajabu ni hii: Nan na Juliet niliwaamini bila kuwaona, na ng'ombe siwezi kuwasamehe. Kufukuza ng'ombe si aibu. Baba yangu amefanya hivyo maisha yake yote. Lakini nimewaandikia mashoga zangu wote wa shule kwamba mume wangu husema na mawingu. Na aliyeweza kuwaficha ng'ombe mwaka mzima anaweza kuficha nini kingine? Leo kabla hajavaa soksi zake nimetazama ndani.

Jumanne 1 Mei

Ngendo aliniuliza kama nimepiga yale makofi. Nikasema hapana. Akaendelea kuchambua majani ya kunde, kisha akasema, "Wangu nilikasirika naye siku waliyomchukua. Alikuwa amemwaga maziwa. Nilidhani nitamsamehe jioni."

Jumatano 2 Mei

Leo nimemsemesha. Nimesema: "Alfa." Akageuka kama aliyeitwa kutoka mbali. Akasema: "Bravo." Tulifika Hotel, herufi ya nane, chai ikachemka ikamwagika.

Alhamisi 10 Mei

Haendi tena Thika; mimi ndiye mwalimu. Muasya amenitumia karatasi safi kwa mikono ya Jared, na salamu kwamba hii si ya kuliwa. Ngendo huketi mlangoni na kuikariri pia. Amekataa Mike. "M kwangu ni Muigai," anasema, "na ndege itake isitake itatua."

Kasoro ya Jared ni L tu. Muasya alimfundisha Love kwa miezi, na ulimi umezoea. Nikamwambia: "Ukifika L, nikumbuke mimi. Ne-lima. Lima. Ni jina langu nusu." Akasema hatasahau.

Ijumaa 18 Mei

Ameshindwa.

Alirudi akisukuma baiskeli, nikajua kabla hajafika. Bwana Masikio alimwonyesha picha ya ndege yenye herufi ubavuni, akasema, "Wewe taja jina ya hii ndege." Jared akaanza vizuri, Victor, Papa, Kilo. Ikafika L. Akasema Love. Mzungu akavua vile vya masikioni ili acheke vizuri. "Love hapana iko tena! Wewe rudi mwezi ya tisa."

"Lakini Jared! Nilikuambia ukifika L unikumbuke!"

"Nilikukumbuka," akasema. "Ndivyo ilivyotoka."

Nimelia sana. Si kwa sababu ya mtihani.

Jumanne 29 Mei

Baba alifika jana kwa treni, na fimbo yake na kuku wawili wanaokataa kunyamaza. Leo tukaenda naye kiwanjani, sote watatu. Hakuna sheria yoyote inayokataza wanawake. Mke wa mpishi alikuwa hapo akisuka mkeka.

Kiwanja chenyewe ni nyasi, kibanda, na mlingoti. Soksi ilikuwa juu, na mshono wangu mwekundu niliuona kutoka langoni. Nilimtazama Jared. Sikujua atasema nini. Njia nzima nilikuwa nimejiambia: akimdanganya tena Baba leo, hata kwa neno moja dogo, sitaweza kumwamini tena akiniambia kumekucha.

Akavua kofia. "Baba, nilikudanganya. Mimi siongei na ndege. Nafukuza ng'ombe."

Baba alichomeka fimbo yake nyasini.

"Ng'ombe wa nani?" akauliza.

"Wa majirani."

"Wanakusikia?"

Kabla Jared hajajibu, mngurumo ukaja kutoka upande wa Thika, na kama walioalikwa, ng'ombe kama thelathini wakapita kwenye ua uliovunjika wakaingia katikati ya uwanja, penye majani mabichi ya mvua. Bwana Masikio akatoka kibarazani na waya unamfuata, akipiga kelele redioni. Ndege ikazunguka. Ng'ombe wakaendelea kula. Redio hawaielewi.

Jared akakimbia na debe. Nimewahi kumwona mume wangu akicheza, akiomba, akilala. Sikuwahi kumwona akifanya kazi yake. Alikuwa akiwaita kwa majina! Karanga alitoka, Sigara alitoka. Koti, maksai mwekundu, akasimama kidete akimtazama. Ndipo nikaona fimbo ikinipita: Baba yangu, mzee wa kanisa, koti la Jumapili likipepea, anaingia uwanjani akipiga mluzi ule wa nyumbani. Ndege ilizunguka mara tatu. Koti akatoka. Jared akaangalia huku, akaangalia kule, akainua bendera nyeupe.

Ndege ikatua.

Baba alirudi akihema, matope magotini. "Yule mwenye masikio alikuwa anasema nini muda wote?"

"Alikuwa anaongea na ndege, Baba," nikasema.

"Na ndege ilikuwa inamngoja nani?"

Nikatazama bendera. "Jared."

"Basi hakunidanganya," akasema Baba, akaokota kofia ya mkwe wake na kuipangusa. "Ila wewe, yule maksai mwekundu unamwendea vibaya. Pita kushoto."

Jumatano 6 Juni

Baba ameondoka. Kuku tumebaki nao. Jioni nimehesabu siku kwa vidole, nikaanza tena upya, kisha nikamwendea Ngendo. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Hatimaye! Mimi nilijua tangu ile karatasi."

Jumapili 10 Juni

Sikutaka kumwambia Jared mpaka nipate namna nzuri ya kusema. Kwa hiyo niliandika kwenye kikaratasi, kama mtu anayejaribu majina ulimini, la mvulana na la msichana, na mwezi, nikakitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Leo kanisani amefungua wimbo, kikaanguka.

Alikitia mfukoni hadi tukafika nyumbani. Kisha akakitoa. Machoni mwake niliona shaka ninayoijua vizuri, niliyoanza kuwa nayo mimi tangu Februari.

"Nelima, hii ni nini?"

"Soma."

"Mike. Juliet. November." Akakunja uso. Akasoma tena, midomo ikisogea kama mbele ya Bwana Masikio. "Mike Juliet November. Hii siijui. Si ya klabu yetu. Ni ndege ya nani?"

"Yetu."

"Yetu! Inatua lini?"

"Soma herufi ya mwisho," nikasema. "Pole pole."

Alisoma. Akanitazama usoni, akanitazama tumboni, akafungua mlango na kutoka matopeni bila viatu, mpaka nikadhani amepata wazimu. Akafungua mfuko wa baiskeli, akatoa bendera nyeupe, akaichomeka juu ya mlango wetu, akasimama chini yake na matope miguuni.

Ngendo akachungulia kwake. "Nerima! Mmeshindwa vita gani huko?"

"Hatujashindwa," nikamjibu. "Uwanja uko wazi."